Pazia Kati ya Sahani Yako na Yangu

Mama mkwe wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa makofi, nimechuchumaa, uso nimeugeuza pembeni, kama ulivyonizoea. Najua husomi. Najua barua hii itasomwa na katekista wenu, na kwamba akisimama kuisoma nusu ya kijiji itakuwa imeketi mlangoni pako ikijidai imekuja kuomba moto. Basi na wasikie. Kwa miaka yote tuliyokaa nyumba moja hapa Elisabethville hatukusemezana neno hata moja bila mtu wa tatu kuwapo, na leo si siku ya kuanza. Katekista namwomba jambo dogo tu: asome polepole, na akiona umeinamisha kichwa, angoje kidogo kabla ya kuendelea.

Nina swali moja na sitalizungusha sana. Tangu Marta wetu azikwe, na wajomba zake waje kunifungua ujane, mimi bado ni mkwe wako au nimekuwa mpita njia? Nauliza kwa sababu sijui tena nikae wapi katika nyumba yangu mwenyewe.

Nyumba ni ileile. Matofali mekundu, bati, vyumba viwili, na barabara yetu ya Kamalondo yenye kelele za cherehani mchana na kelele za walevi jioni. Ukuta wa sebule bado mweupe kwa ule udongo wa pemba mliouchota wewe na Marta kando ya mto Naviundu, mkaupaka kwa vitambaa, na chini mkauzungushia mkanda mweusi wa masizi ili vumbi lisionekane. Mkanda umeanza kubanduka karibu na mlango. Lile jiwe la kijani la mgodini, ambalo Marta aliliweka ili upepo usiubamize mlango, liko palepale. Ila mlango siku hizi sifungulii mtu, kwa hiyo jiwe halina kazi.

Unakumbuka ulivyofika? Ulikuwa umefiwa na baba mkwe wangu mwaka ule, na Marta hakutaka ukae peke yako kijijini. Ulikuja na treni ya Bukama, mvua za kwanza zinaanza, na kikapu cha samaki wakavu kichwani. Marta alikupokea stesheni. Mimi nilikuwa nimejifungia chumbani kama mwizi, maana mwanaume hakutani na mama mkwe wake kizingitini. Nilisikia sauti yako kabla sijaona hata kivuli chako. Ulisimama katikati ya sebule, ukasema:

"Marta, hii nyumba iko ya mwanaume. Bintu byote balipiga misumari. Hakuna hata kintu moya balishona."

Niliudhika, mama. Leo nakiri mbele ya kijiji chako kwamba niliudhika sana. Mimi ni fundi mbao wa karakana ya mabehewa, na kila kiti mle ndani nilikitengeneza kwa mikono yangu, kwa mbao za makasha yaliyoleta mashine kutoka Ulaya. Meza yangu haikutikisika hata ukiiegemea. Nani huko kwenu alikuwa na meza kama ile? Lakini jioni, ulipokuwa umekwenda kupumzika katika kile chumba cha jikoni uani, nilitoka nikaitazama sebule upya. Mbao, misumari, mbao. Hata kwenye ubavu wa kabati herufi za wazungu zilikuwa bado zinasomeka. Nikaona kwamba nilichojenga ni karakana yenye kitanda.

Hapa niseme kidogo na wasiokuwa wa kwetu. Jirani yangu Ramazani, fundi cherehani, mtu wa Maniema, ameniazima meza yake niandikie, na amekwisha kusoma begani mwangu. Ameniuliza kwa nini mtu asile na mama mkwe wake. Kwao wanakula. Nimemjibu kwamba kwetu Waluba kuna buko, heshima ya ukwe: mama mkwe ndiye aliyekupa mke, na mtu aliyekupa kitu kikubwa hivyo humtazami kinywani akitafuna. Humpi kitu mkono kwa mkono. Unakiweka chini, unarudi nyuma, naye anakiokota. Humwiti jina. Siku moja, mkiwa tayari, unaleta kuku na kitambaa, anakupikia, mnakula pamoja na haya inakwisha. Kabla ya siku hiyo kila mtu na upande wake. Ramazani ametikisa kichwa akarudi kwenye cherehani yake.

Heshima si utumwa, lakini heshima inataka nafasi, na sisi tulikuwa na sebule moja. Majuma yale ya kwanza ulikula uani, machoni moshi. Mimi nilikula sebuleni peke yangu kama bwana mkubwa. Marta alikuwa mbio kati ya jiko na meza, sahani hii, sahani ile, na mwisho anakula amesimama, chakula kimepoa, hayuko kwako wala kwangu. Jioni moja aliweka bakuli la sombe ya majani ya muhogo mezani kwa kishindo, akasema:

"Miye nimechoka. Niko na mama na niko na bwana, na ninakula kama yatima."

Ndipo likaja wazo la pazia. Ilikuwa miaka ile ya vita vya Ulaya, nguo madukani haikupatikana. Kwa mwoka mikate wa barabara ya pili kulikuwa na magunia ya unga wa ngano, ya pamba nzuri, yenye mihuri ya kinu kwa herufi kubwa za buluu. Mliyafumua, mkayachemsha kwa majivu, mkayaanika, mkayachemsha tena. Mihuri haikutoka. Marta alikaa chini uani akalia, na mimi nilikuwa dirishani, namwona yeye, wewe sikuoni, nasikia sauti tu kutoka jikoni:

"Kama haitoke, uifunike. Weka ndege pale juu."

Akaweka ndege. Masista walikuwa wamemfundisha kudarizi misalaba na mawaridi, lakini kwenye lile pazia hakuna waridi hata moja. Juu ya kila muhuri alidarizi kanga wa porini, mwenye shingo ya buluu na madoa meupe, na kwa kuwa mihuri ilikuwa imepigwa ovyo ovyo, kanga nao walitokea ovyo ovyo, mmoja juu, wawili pembeni, mmoja amelala karibu na upindo kana kwamba amechoka kutembea. Kitambaa mlikitia rangi kwa magome ya mulombwa mliyoyachemsha, kikatoka rangi ya udongo baada ya mvua. Ramazani alikunja upindo kwa cherehani na hakutaka malipo, alitaka tu aruhusiwe kuwaleta wateja wake walione. Mimi nilitengeneza pete za waya wa shaba kutokana na vipande vilivyokuwa vikitupwa karakanani. Nilitaka fimbo ya pazia iende ukuta hadi ukuta, kama fundi yeyote angefanya. Marta akanishika mkono.

"Apana, fundi. Usifikishe kule mwisho. Miye nitaikala wapi?"

Nikaukata mti ule pungufu, upana wa kigoda kimoja. Karakanani wangenicheka kwa kazi kama ile. Lakini ndiyo iliyokuwa akili ya nyumba yetu: pazia lilitoka ukuta wa kushoto, likapita katikati ya sebule, likaishia kabla ya ukuta wa kulia, na pale lilipoishia aliketi Marta juu ya kigoda, mguu mmoja kwako, mguu mmoja kwangu. Mkono wa kushoto alikupa wewe, wa kulia alinipa mimi. Aliweza kutuona wote wawili. Sisi hatukuonana.

Watu wanasema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Waliingia. Jumapili baada ya misa sebule ilijaa. Marta hakuwa na vikombe vinavyofanana, kwa hiyo alivipanga kwa rangi juu ya kabati, kila mgeni anachagua chake, na watu wazima waligombania kile chenye samaki mwekundu. Chupa za taa zilizopasuka mdomo alizitia maua ya jakaranda barabara zinapokuwa zambarau. Munkoyo wa mahindi ulikuja katika kibuyu, ugali wetu wa bukari katika kikapu chenye kifuniko, na kwako nyuma ya pazia walikuja kina mama mmoja mmoja kukusalimu, wakikaa, wakicheka, hadi nikawa nauliza ni nani hasa mwenye karamu. Kicheko chako nilikijua vizuri. Kilianza puani.

Halafu wakaanza kuiga. Hili nalicheka hadi leo, ingawa nacheka peke yangu. Wanawake wa Kamalondo waliliona pazia, wakaona ndivyo nyumba za kisasa zinavyopambwa, wakashona mapazia ya magunia na kuyatundika katikati ya sebule zao, nao hawana mama mkwe wala shangazi nyuma yake. Mume akirudi kazini anakuta chumba kimekatwa, upande wa pili kuna kuku. Mmoja alikuja kumuuliza Marta kwa nini lake halipendezi. Marta akamjibu kwa upole kwamba labda linahitaji mtu.

Na yule Madame wa shule ya kina mama, unamkumbuka? Alikuja kuangalia usafi, akasifu ukuta, akasifu maua, akapapasa kanga kwa kidole. Kisha akasimama katikati, akalionyesha pazia, akasema kwa Kiswahili chake: "Marta, rido muzuri, lakini hapana hapa. Familia kula pamoja, meza moja." Marta akasema ndiyo Madame. Alipoondoka, ulisema kwa sauti kutoka upande wako: "Marta, umuulize mukwe wangu kama yule mama anazaliwa bila buko." Nilikuwa na maji mdomoni. Yaliishia mezani.

Ndivyo tulivyokuwa tukizungumza, wewe na mimi. "Marta, umuulize mukwe wangu kama chumvi inatosha." "Marta, umwambie mama inatosha, na sombe iko tamu." "Marta, umwambie mukwe wangu ile kofia yake ni ya muntu mwengine, kichwa yake haina ukubwa ule." Marta hakuwa akirudia chochote. Alikuwa anakula. Mara nyingine alichoka nasi: "Mweye bawili munasikilizana! Muniache nikule!" Lakini kama siku moja tungeacha kupitia kwake angeumia, hilo nalijua. Mara mbili nilitaka kutafuta kuku na kitambaa, nilete, tumalize haya, tule meza moja. Mara zote mbili alisema tungoje mwakani. Mtoto hatukujaliwa, mama, na sikuwahi kumsikia akilalamika mbele yangu. Nadhani pale kwenye kigoda, katikati yetu, ndipo alipojiona amejaa.

Sitasema mengi juu ya homa yake. Ulikuwapo. Nilibeba maji hospitali, wewe ulibeba uji, na tulipishana mlangoni kila mmoja akitazama ukuta wake. Aliondoka asubuhi, kabla sijafika na maji.

Kwenye kilio sebule ilitolewa yote nje, kama ipasavyo: meza, viti, kabati, vikombe kwenye beseni. Pazia walilivuta likashuka. Watu walilala kwenye mikeka ukuta hadi ukuta, na nilishangaa jinsi chumba kilivyokuwa kikubwa. Watu walipotawanyika vitu vilirudishwa na mikono ya watu wengine, kila kitu mahali pasipo pake. Sikuwa na nguvu ya kuvigusa. Siku iliyofuata nilirudi kutoka kanisani nikakuta umelitundika pazia wewe mwenyewe, pete zote, na kigoda umekirudisha pale linapoishia.

Jioni ile ulipika. Nilisikia sufuria, nikasikia mwiko, nikakaa upande wangu. Na wewe, kwa mazoea ya miaka yote ile, ulisema kwa sauti yako ya kawaida:

"Marta, umwambie mukwe wangu bukari iko tayari."

Nilisikia ukiiweka sahani yangu chini, kwenye nafasi ile, kando ya kigoda, ukirudi nyuma. Nikaiokota. Nililia nikila, mama, na nilijua unanisikia, na nilisikia na wewe. Tulikula hivyo hivyo hadi mwisho. Hakuna mtu duniani niliyewahi kulia naye namna ile, na pazia lilikuwa kati yetu.

Tukakaa hivyo mpaka wajomba walipokuja. Walinimwagia maji, walinipaka unga mweupe kifuani, wakanivua ujane. Mjomba mkubwa akanishika bega: "Tunakufungula, baba. Uoe mwenye unataka. Buko inaisha." Akageuka akacheka kidogo, akasema hata na wewe sasa tungeweza kula meza moja, maana hakuna tena mkwe hapa, kuna watu wawili tu. Chakula kilipokuja nilisimama katikati ya sebule kama mgeni asiyeonyeshwa kiti. Wewe ulichukua sahani yako, ukaenda nyuma ya pazia, ukakaa.

Sijui ulikuwa ukisema nini kwa kufanya vile. Nimelifikiria kazini nikipiga randa, na nyumbani nikitazama dari. Labda ulisema: huyu bado ni mkwe wangu. Labda ulisema: simtaki hata mezani.

Kesho yake ulirudi Bukama na wajomba. Uliomba kitu kimoja tu, kwa kupitia mke wa Ramazani: pazia. Nililishusha mwenyewe. Ulilikunja ukalitia ndani ya furushi pamoja na mkeka na sahani yako, nami nikalibeba hadi stesheni, nikitembea nyuma yenu mbali kidogo. Wajomba walitangulia ndani kugombania nafasi. Ukapanda. Ukaja dirishani. Furushi liko mikononi mwangu, mikono yako iko kwenye ukingo wa dirisha, na hakuna Marta.

Tulifanya kama tulivyozoea. Mimi niliweka furushi chini, pale nje, sakafuni mwa stesheni, chini ya dirisha, nikarudi nyuma ili uokote. Wewe ulingoja nirudi nyuma vya kutosha. Ramazani amefika hapa kwa kusoma, na amejishika kichwa. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyekosa adabu, na ndiyo maana treni ilipiga filimbi, ikavuta, ikakuchukua, na furushi likabaki chini. Nilikimbia nalo. Behewa lilikuwa limeshashika mwendo. Ndipo nilipokutazama uso wako kwa mara ya kwanza, mzima, bila kugeuka. Nilikuwa naijua sauti yako, na kisigino chako chini ya upindo, na mkono wako ukiweka sahani. Uso sikuwa nimewahi kuutazama. Una paji la Marta. Hakuna aliyekuwa ameniambia.

Baada ya majuma kadhaa alikuja mfanyakazi mmoja wa treni na ujumbe kutoka kwako. Nilimkaribisha, nikampa kikombe chenye samaki mwekundu. Akasema: "Mama wa Bukama anasema, ule mwanaume wa Kamalondo abakie na rido."

Ule mwanaume. Nilimuuliza kama hayo ndiyo maneno yako mwenyewe. Akasema yeye alibeba ujumbe, hakubeba maneno. Akanywa, akaenda zake. Na mimi tangu siku ile sijalala vizuri, mama. Kama ulisema "mukwe wangu" na yeye akapunguza kwa uvivu, basi kuna mtu mmoja duniani ambaye mimi ni wake. Kama ulisema "ule mwanaume", basi sina.

Nimejaribu kuishi na nyumba hii. Nililitundika pazia dirishani. Chumba kikawa chekundu mchana kutwa na sikuweza kukaa ndani. Nikalitandika kitandani, nikaamka naona nimejifunika sanda. Nikahamisha meza upande huu, nikairudisha upande ule, nikaisogeza katikati kama alivyotaka Madame. Meza haitikisiki popote unapoiweka, na haina maana popote unapoiweka. Karakanani vijana wananishauri ninunue makochi, nioe, nianze upya. Nawajibu kwamba fundi hanunui kiti cha mtu mwingine. Ukweli ni kwamba nikikaa mahali popote mle ndani sisikii mtu upande wa pili.

Jumapili moja nilimwita Ramazani tule. Nilitundika pazia kama zamani, sijui kwa nini. Aliingia, akatafuta mahali, akakaa kwenye kigoda cha Marta. Nilimwinua kwa mkono, kwa ukali, mtu aliyetukunjia upindo bila malipo. Akaenda kukaa mlangoni na sahani yake, na alipomaliza aliniambia:

"Ndugu yangu, ulete bibi mupya mu nyumba, ao uipeleke nyumba kwa mama mwenye anabakia. Hapa katikati utakufa."

Mke mpya simtaki. Huenda nitamtaka siku moja, mimi ni mtu kama watu, lakini leo simtaki. Kwa hiyo nakuja kwako. Nimepata likizo yangu, na sisi wa mabehewa tunapanda treni bila tatizo. Nitakuja na pazia, pete zake zote, na mti wake nilioukata pungufu.

Sasa lisikilize vizuri hili, na kijiji kisikilize, na wajomba kama wapo. Wao wanasema nimefunguliwa, kwamba mbele yako mimi ni mtu wa kawaida, naweza kuketi nawe mkeka mmoja, tukatazamana, tukala. Nimelifikiria sana, na sitaki. Mgeni yeyote anayeshuka Bukama na njaa anaweza kula na wewe uso kwa uso. Mimi sishuki Bukama kwa ajili ya njaa. Kuku na kitambaa sitaleta. Nitalitundika pazia lile katika nyumba yako, kutoka ukuta huu kuelekea ule, na sitalifikisha mwisho. Nitaketi upande wangu, nitaugeuza uso, na nitangoja. Ukikaa upande wa pili na sahani yako, nitajua. Usipokaa, nitalikunja nikuachie, nirudi kwa treni ya kwanza, na sitakusumbua tena.

Lakini ukikaa, nakuomba jambo moja ambalo halipo katika desturi. Usiseme tena "Marta, umwambie." Sema tu, mama. Nitakuwa nasikia.

Ubaki salama mpaka nifike. Salamu kwa wanaonitambua na kwa wasionitambua. Ramazani anataka kujua niandike nini hapa chini, maana wajomba walikwisha kunivua jina hilo. Nimemwambia hawakulivua wao kwa sababu hawakunipa wao.

Mkwe wako